Kidari cha Bibi Namkunda

Aliye na sufuria jikoni aiepue kwanza, na aliye na simu aizime. Mimi kazi yangu ni kusimulia tu. Kuimaliza hadithi hii ni kazi yenu. Asiyetaka kuamua jambo zito aondoke sasa hivi, asije akasema baadaye kwamba hakuambiwa.

Palikuwa na hospitali moja ya wilaya, chini ya Milima ya Upare, mahali pa joto na vumbi. Katika hospitali hiyo walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Sista Tusubilege, muuguzi wa idara ya dharura, mtu wa Rungwe aliyepangiwa kazi huko na kulizoea lile joto kwa taabu. Kipawa chake kilikuwa masikio. Mgonjwa akisema kichwa kinauma, yeye alisikia na kile ambacho mgonjwa hakukisema. Watoto walimwambia mambo ambayo mama zao hawakuyajua.

Wa pili ni Daktari Mahundi, wa idara hiyo hiyo. Kipawa chake kilikuwa mkono. Watu waliokwisha kukata pumzi, amewarudisha. Akipita sokoni walimwonyesha kwa kidole: "Yule ndiye aliyemrudisha baba yake fulani, alikuwa keshafunikwa shuka." Mkono wake ulijua kufanya. Kama ulijua pia kutofanya, hilo hata mwenyewe alikuwa hajalijua.

Wa tatu ni Mama Mbazi wa tiba shufaa. Kwa asiyejua, tiba shufaa ni ile ya kumpunguzia mtu mateso wakati ugonjwa wenyewe hauponi tena: maumivu, kubanwa pumzi, hofu. Kipawa chake kilikuwa kipimo. Alijua dawa ya maumivu ikizidi kidogo mtu analala tu, na ikipungua kidogo mtu anaumia, na katikati ya hapo pana nafasi nyembamba ambamo mtu anaweza kukaa, akazungumza, akacheka. Nafasi hiyo alijua kuipata. Lakini chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, baada ya wodi ya wazazi, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Watu wa dharura hawakwenda kule. Siku moja alijipeleka mwenyewe dharura, na Daktari Mahundi, huyu huyu, akamwambia, "Mama, huku tunashughulika na watu wanaopona." Mama Mbazi akageuka, akaapa kwamba mguu wake haurudi pale bila kuitwa.

Nawaambia haya mapema ili mjue hawa watu si malaika. Hadithi za malaika mkatafute kwingine.

Sasa twende mlimani, kule tangawizi inakolimwa. Huko aliishi Bibi Namkunda na wanawe: Kadeghe mkubwa, Nakijwa wa katikati, na Mbonea wa mwisho. Kadeghe na Mbonea hawakuwa wakisemezana. Chanzo ni maji. Mashamba ya kule hunyweshwa kwa zamu kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa la kukinga maji ya mfereji, na kiangazi kimoja Mbonea alifungulia maji kwenye shamba lake siku ya zamu ya kaka yake. Tangawizi ya Kadeghe ikakauka ardhini. Tangu hapo wakikutana njiani mmoja hutazama bonde, mwingine hutazama kilele. Likitokea la lazima, linapitia kwa dada yao.

"Nakijwa, mwambie huyo mbuzi wake yuko kwenye mahindi yangu."

"Nakijwa, mwambie huyo ameona."

Na wote wawili wamesimama hapo hapo, wanasikiana vizuri.

Bibi Namkunda alikuwa na saratani ya titi. Ilikwisha kuingia kwenye mifupa na mapafu, na hospitali kubwa ya rufaa ilishasema hakuna tena cha kukata wala dawa ya kuiondoa. Waliwaambia watoto. Watoto wakakubaliana, kwa kupitia kwa Nakijwa kama kawaida, kwamba mama asiambiwe. Wakamwambia ni kifua, vumbi la kufagia uwanja. Sasa nyie niambieni, mwanamke gani hajui titi lake lina nini? Bibi alijua. Lakini aliwaona wanavyohangaika kuficha, akawahurumia, akawa naye anazungumzia vumbi. Nyumba nzima inajua, na nyumba nzima inalaumu ufagio.

Asubuhi moja pumzi ikambana vibaya. Mifupa inauma, kifua kinapanda na kushuka kama anakimbia, na yeye amekaa. Majirani wakamteremsha kwa machela hadi barabarani, gari la mwenye duka likamshusha hadi dharura. Mlangoni Kadeghe akawahi kusema:

"Ana pumu. Mpeni mashine."

Hata pale, mbele ya watu ambao kazi yao ni magonjwa, hakuweza kulitamka jina la ugonjwa, kwa sababu mama alikuwa anasikia. Hilo ndilo kosa lao, na karibu limnyang'anye mama yao kitu alichokuwa anakitaka kuliko hewa.

Daktari Mahundi alimtazama Bibi mara moja akajua huyu anachoka kupumua. Akaagiza mashine ya kupumulia iwashwe, akachukua mpira wa kupitisha kooni, na gari la wagonjwa likaambiwa lijiandae kwa safari ya hospitali ya rufaa. Mkono ulikuwa tayari unafanya.

Hapa yakaingia masikio.

Sista Tusubilege alikuwa anamfungua Bibi blauzi ili abandike waya za kupimia moyo, akaliona titi. Akainua kichwa cha kitanda, akamwekea oksijeni puani, akainama. Kule nyuma Kadeghe anasema pumu, Mbonea anamwambia Nakijwa amwambie Kadeghe aache kelele, Nakijwa analia.

"Nyinyi watatu nyamazeni," Sista akasema. "Nazungumza na mwenye mwili. Shikamoo, Bibi. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Katika ugonjwa ule wote, hilo swali hakuwahi kuulizwa. Aliulizwa panauma wapi, amekula nini, nani anamlipia matibabu. Bibi akajibu kwa kukatakata, neno kwa pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Hawa... wameogopa. Mimi najua... ninakokwenda." Akavuta pumzi. "Nataka hawa wawili... wale sahani moja. Nyumbani kwangu. Nione."

"Sahani moja ya nini?"

"Makande."

Sista angeweza kuyaacha hayo hapo kitandani, akafunga waya zake. Wagonjwa wengine walikuwa wamepanga mstari, na mmoja ameanza kutukana. Badala yake alikwenda akasimama kati ya daktari na kitanda. Muuguzi kumzuia daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa si jambo dogo, mnaofanya kazi hospitali mnalijua.

"Daktari, usimwekee."

"Sista, huyu anakata pumzi."

"Ana saratani imeshaenea, siyo pumu. Na anataka kusema na wanawe. Ukimwekea mpira hasemi tena."

Bila masikio hayo, nani angejua kwamba kuna sahani? Haya, shikilieni hilo.

Sasa mkono. Daktari Mahundi alisimama na mpira wake. Kadeghe akaja juu.

"Daktari, weka mashine. Mama akifa hapa na mashine ipo, nitakushtaki hadi kwa mkuu wa mkoa."

Fikirini pale alipokuwa. Kuuweka ule mpira kulikuwa rahisi. Hakuna anayemlaumu daktari aliyefanya kila kitu. Bibi angepakiwa kwenye gari, angefia njiani au kwenye kitanda cha mji asioujua, na daktari angekwenda kula chakula chake cha mchana roho safi. Kutoweka ndiko kulikokuwa na hatari. Akamwinamia Bibi.

"Bibi, nikiweka mashine hii utalala, na sidhani kama utaamka. Niweke?"

Bibi akatikisa kichwa. Halafu akainua kidole, akamwonyesha Kadeghe, kisha Mbonea, kisha akaleta vidole viwili pamoja.

Daktari akauweka mpira kwenye sinia la chuma. "Kaka," akamwambia Kadeghe, "mashine hii inamvusha mtu anayekwenda kupona. Mama yenu haendi kupona, na wewe unajua, ndiyo maana umesema pumu. Siwezi kumtumia mama yako kujikinga na wewe."

Kadeghe alimkamata koti. Daktari hakuutoa ule mkono, na mpira hakuuchukua tena. Wakakaa hivyo mpaka vidole vya Kadeghe vikalegea vyenyewe. Halafu daktari akasema neno ambalo Sista hakuwahi kulisikia kwake:

"Lakini kumwacha hivi siwezi, na namna ya kumtuliza bila kumlaza siijui. Nani anajua?"

"Unamjua," Sista akasema. "Ulimfukuza."

Alikwenda mwenyewe. Alipita wodi ya wazazi, akayapita mashuka yaliyoanikwa, nusu anakimbia, na koti limekunjamana palipokamatwa. Bila mkono huo kutulia, na bila miguu hiyo kwenda, yale masikio yangekuwa yamesikia bure.

Na sasa kipimo. Mama Mbazi alikuwa na habari za Bibi tangu mwanzo. Wafua nguo walikuwa wamempitishia. Alikuwa ameketi na mkoba magotini, anasubiri kuitwa, amekunja uso. Semeni mnavyotaka kuhusu kiburi chake. Mimi nimeshakiona kwa watu wasiojua hata robo ya anachokijua.

"Mama Mbazi, nakuita," daktari akasema mlangoni. Hakuongeza samahani, na Mama Mbazi hakuidai. Alikuwa ameshatangulia.

Alipofika alifungua dirisha, akawasogeza ndugu, akamkalisha Bibi vizuri na mito mgongoni. Kisha akatoa chupa ya mofini ya maji, akavuta kidogo sana kwa bomba lisilo na sindano. Kadeghe akasema:

"Hiyo si ndiyo dawa ya kumalizia watu?"

"Mwanangu, ningetaka kummaliza ningekuja na tone hili?" Akalinyanyua bomba alione. "Hii inaondoa maumivu, na inauambia mwili usiogope pumzi. Kaa hapo, mshike mkono. Kazi yako ni hiyo."

Akampa, wakasubiri. Akampa tena kidogo. Kile kifua kilichokuwa kinakimbia kikaanza kutembea. Mikunjo ya uso ikaachia mmoja mmoja. Bibi akafumbua macho, akatazama dharura yote, na watu waliosimama.

"Hapa hakuna chai?" akauliza.

Mbonea alicheka, na Kadeghe akacheka, halafu kila mmoja akakumbuka mwenzake yupo, wakaacha.

Mama Mbazi akamfundisha Nakijwa kupima, akamrudisha nyuma kila alipokosea. "Hii ya maumivu, usingoje aumwe ndipo umpe. Na hii ya kulainisha choo ni lazima, ukiisahau utanikumbuka kwa machozi." Gari la wagonjwa lililokuwa liende hospitali ya rufaa likageuzwa kuelekea mlimani, na Mama Mbazi akapanda ndani. Baadaye alipanda tena na tena, kwa miguu pale gari lilipokosekana. Akikuta Bibi analala mno, anapunguza. Akikuta anauma midomo, anaongeza. Bila kipimo hicho Bibi angekuwa nyumbani, ndiyo, lakini angekuwa anapiga kelele au amelala kama gogo, na sahani ingepita mbele yake asiione.

Ikafika asubuhi Bibi akasema leo. Nakijwa akapika makande, akapakua sahani moja, akaiweka kwenye mkeka mbele ya kitanda. Kadeghe akaketi, Mbonea akaketi. Hakuna aliyeanza. Nje kuku wanaparuza.

"Nakijwa," Kadeghe akasema, "mwambie huyo..."

"Nakijwa hayupo," Nakijwa akajibu, akatoka nje.

Kadeghe akaitazama sahani. "Mbonea, kula," akasema. "Yatapoa."

Basi wakala. Mama yao ameegemea mito, macho mang'avu, anawatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba lake. Kila walipopunguza mwendo aliwahimiza. "Kadeghe, mwachie mwenzio maharage. Tangu utoto wewe unachagua maharage." Mbonea akainamisha kichwa, akasema, "Kaka, yale maji," akashindwa kuendelea. Kadeghe akamsogezea upande wa sahani wenye maharage. Sahani ikaisha.

Jioni yake Bibi alimwita Nakijwa. Katika ukoo ule kuna desturi. Siku ya kuanua tanga, msiba unapofungwa, huchomwa mbuzi, na kidari chake hupewa mtu mmoja asiye wa ukoo aliyemtendea marehemu jambo kubwa kuliko wote. Anayekipokea huhesabiwa mtoto wa nyumba ile. Huketi ndani na ndugu, huulizwa binti akiposwa, na akifa huliliwa kama wao. Kidari hakikatwi. Kikikatwa ni nyama tu kama nyama nyingine.

"Kidari changu," Bibi akasema, "mpeni yule wa hospitali aliyenipa siku ya leo."

"Yupi, mama? Walikuwa watatu."

"Mtamjua," Bibi akasema, akataka maji, akanywa, akasinzia. Akafariki mchana wa kesho yake, jua likiwa mlangoni, mkono mmoja kwa Kadeghe na mwingine kwa Mbonea. Hakuongeza neno juu ya kidari.

Siku ya kuanua tanga ikafika. Wageni watatu wameketi benchi moja: Sista Tusubilege na kanga ya kuazima, Daktari Mahundi bila koti lake jeupe, Mama Mbazi na mkoba magotini. Nakijwa akatoka na sinia, kidari kizima juu yake, kinatoa moshi. Akasimama katikati ya uwanja.

"Ni cha Daktari," Kadeghe akasema. "Mimi nilimkamata koti. Nilimtisha. Angeweza kufanya nilivyotaka akajiokoa, hakufanya. Kusikia kila mtu anasikia, na dawa zipo hata madukani. Mtu wa kuweka silaha chini ni mmoja."

"Daktari alitaka kuweka mpira," Mbonea akajibu. "Asingezuiwa, angeuweka. Na baada ya kuuweka chini alibaki anatazama. Ni cha Mama Mbazi. Nani alipanda mlima huu kwa miguu? Kile kicheko cha mama, kile 'mwachie mwenzio maharage', kilitoka kwenye chupa ya nani?"

"Mama Mbazi alikaa chumbani na kiburi chake mpaka akaitwa," Kadeghe akasema. "Asingeitwa je?"

"Nani alimfanya asije? Si huyo wako?"

"Nyamazeni," Nakijwa akasema, sinia linamlemea. "Mimi nasema ni cha Sista. Sisi ni wanawe, tumemlisha uongo mama mzima, hatukumuuliza anataka nini. Mgeni wa Rungwe ndiye aliyeuliza. Wengine wote walitembea kwenye njia aliyoifungua yeye."

"Kuuliza tu?" Mbonea akasema. "Aliuliza, halafu akafanya nini na mikono yake?"

Wageni wenyewe wakaanza kujitoa. Daktari akasema mpeni Mama Mbazi, Mama Mbazi akasema mpeni Sista, Sista akasema bila daktari asingekuwa na la kusema. Kadeghe akawakatiza: "Mgeni haamui kidari. Tunaamua sisi."

"Sisi nani?" Mbonea akauliza.

Kadeghe akamtazama mdogo wake, halafu akageuka upande wa dada yao.

"Nakijwa," akasema, "mwambie huyo..."

Hapo naishia mimi. Nakijwa yupo katikati ya uwanja, na mafuta yameanza kuganda juu ya sinia. Sahani moja ya makande iliyomgharimu mama yao pumzi zake za mwisho inakaribia kuvunjika kwa sababu ya kidari cha mbuzi. Msiniambie kikatwe vipande vitatu, nimeshawaambia hakikatwi. Msiniambie apewe Bibi mwenyewe, amezikwa. Na msiniambie wote walistahili sawa. Hilo hata kuku wa uwanja ule wanalijua, na halimpunguzii Nakijwa uzito wa sinia.

Masikio, mkono, kipimo. Wote watatu wako kwenye benchi, wanaangalia chini. Sinia nakukabidhi wewe uliyekaa hapo mbele unayenitazama. Utalipeleka kwa nani, na utawaambia nini wale ndugu wawili ili jioni hii wale tena sahani moja?